Treni ikifika, picha iwe imeshapangwa

Stesheni ya Carstairs haina ofisi ya tiketi wala mfanyakazi jukwaani, na treni nyingi zinazoipita hazisimami. Ukisoma ratiba iliyobandikwa pale utadhani umefika mahali palipolala. Kumbe hapo, kusini mashariki mwa Glasgow, katikati ya malisho ya kondoo, ndipo njia kuu ya reli inayotoka London kupitia upande wa magharibi inapogawanyika: mkono mmoja unakwenda Glasgow, mwingine Edinburgh. Kampuni ya Caledonian Railway ilifungua njia hiyo mwaka 1848, na kijiji kilichoota kando ya reli kinaitwa Carstairs Junction mpaka leo.

Mimi nimekulia Tabora, mji ambao reli ya kati inagawanyika, huku Kigoma, huku Mwanza, na mapenzi yangu kwa njia panda za reli yalianzia huko. Jamaa tunaoishi nao Scotland hunisema sana: unasimama kwenye baridi nusu siku, unasubiri treni ambayo hupandi, halafu inapita sekunde chache imekwisha? Nilikuwa sina jibu refu la kuwapa. Alasiri moja ya Oktoba nilikwenda Carstairs na mpwa wangu anayesoma chuo Glasgow, na maswali yake yakanilazimisha kuyatamka mambo ambayo siku zote nayafanya kwa mazoea. Haya ninayoandika yametokana na maswali hayo.

La kwanza lilikuja kabla sijafungua begi. "Mjomba, tusimame wapi?" Alikuwa ameshajiweka katikati ya jukwaa, simu mkononi, macho kwenye reli. Nikamwambia aache reli kwanza, atafute jua liko wapi.

Carstairs iko karibu nyuzi 56 kaskazini ya ikweta, na mwezi wa Oktoba jua la huku halipandi. Linatambaa chini chini upande wa kusini, na ikifika alasiri liko kusini magharibi, chini kiasi kwamba vivuli vya nguzo za umeme vinalala virefu juu ya kokoto za reli. Kwa mpiga picha huo ni utajiri. Nyumbani mwanga wa namna hiyo tunaupata kitambo kifupi asubuhi na kitambo kifupi jioni. Huku, siku ikiwa na jua, unakaa nawe mchana kutwa. Lakini una upande. Reli ya Carstairs inaelekea Glasgow kwa kukata kaskazini magharibi, kwa hiyo alasiri treni inayokwenda Glasgow inalitazama jua, na uso wake unawaka: vioo, namba, hata vumbi la safari ndefu unaliona. Inayoshuka kwenda London inakuja na kivuli usoni, na vioo vyake vinatoka vyeusi tii. Ukishalijua hilo, umechagua nusu ya picha zako kabla treni yoyote haijatokea. Tukasogea mwisho wa jukwaa upande wa Glasgow, tukageuka kutazama tulikotoka, jua likiwa nyuma ya bega la kulia. Upande wa kusini mlima Tinto, wenye mita 711, ulikuwa umevaa wingu kileleni na chini uko wazi.

Baada ya jua, ramani. Mtu akisikia njia panda hudhani kila treni itapita mbele ya pua yake. Carstairs ina pembetatu ya reli, na treni inayotoka kusini kwenda Edinburgh moja kwa moja haiingii stesheni kabisa. Inachepuka kabla ya kufika, inapita mkono mwingine wa pembetatu na kwenda zake. Ukiwa jukwaani unaisikia tu ng'ambo ya mashamba. Mpwa wangu alisikia moja akaanza kukimbia huku akiinua simu. "Tulia mjomba," nikamwambia, "hiyo si ya kwetu." Hakuamini mpaka mlio ulipofifia bila kitu kutokea. Anayetaka za Edinburgh atafute mahali pengine pa wazi, halali, nje ya uzio wa reli. Anayesimama stesheni amechagua za Glasgow, na achague kwa moyo mmoja.

Swali lake la pili lilikuwa zuri zaidi. "Sasa tutajuaje kwamba inakuja?"

Kwa treni za abiria jibu ni ratiba. Kwa treni za mizigo, ambazo ndizo ninazozipenda, ratiba ya abiria haikusaidii, kwa kuwa hazimo. Hapa Uingereza tuna bahati kubwa: taarifa za mwendo wa treni ziko wazi kwa umma, na kwenye tovuti ya Realtime Trains unaweza kuona treni ya makontena imepita wapi, imechelewa au imewahi kwa dakika ngapi, na inategemewa hapo ulipo saa ngapi. Nilimwonyesha kwenye simu. Alishangaa kwamba treni ya mizigo inaweza kupita kabla ya muda wake. Inaweza, haina abiria wa kusubiri jukwaani, na njia ikiwa wazi hupewa nafasi isonge. Ndiyo maana mtu anayefika dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa hukuta mkia wa behewa la mwisho.

Lakini simu ni ya kukuambia kujiandaa tu. Kinachokuambia inua kamera ni taa. Mfumo wa huku ni rahisi kuujifunza: nyekundu ni simama, njano moja ni jiandae kusimama kwenye taa inayofuata, njano mbili ni onyo la mapema zaidi, kijani ni njia nyeupe. Penye kuchepuka, juu ya taa huwaka mstari wa taa nyeupe tano ulioinama upande ambao treni itaelekea. Ukiwa mwisho wa jukwaa, ukigeuza kichwa upande treni inakoelekea, unaona taa inayowahusu madereva wanaoondoka kwenda huko. Ikiwa nyekundu kwa muda mrefu, halafu ghafla ikawa kijani na hakuna treni iliyosimama, ujue njia imeshawekwa kwa ajili ya treni iliyoko njiani. Kisha subiri sauti. Upepo ukitulia, reli yenyewe inaanza kunong'ona kabla hujaona kitu. Nilimwambia mpwa wangu afumbe macho asikilize, na alipoyafumbua taa mbili nyeupe zilikuwa zimeshachomoza kwenye kona.

Ilikuwa Pendolino ya London kwenda Glasgow, ile treni ya kampuni ya Avanti West Coast inayoinama kwenye kona ili ipite kwa kasi bila kuwayumbisha abiria. Kwenye njia hii zinakwenda mpaka kilomita 200 kwa saa. Tuseme inapita jukwaani kwa 160: hiyo ni mita 44 kila sekunde. Treni ya mabehewa 11 ina urefu wa mita 265, kwa hiyo kutoka pua mpaka mkia inakumaliza kwa sekunde sita. Ndani ya sekunde sita huwezi kufikiri. Huwezi kuamua usimame wapi, ubadilishe nini, nguzo ipi inakera. Unachoweza ni kubonyeza tu, na kwa hiyo kila kitu kingine kiwe kimekwisha.

Hapa ndipo nilipokaa naye kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndicho kiini cha kazi yenyewe. Kabla treni haijafika mimi hupiga reli tupu. Naziangalia hizo picha tupu kwenye kioo cha kamera na kuuliza: nguzo ya umeme iko wapi? Njia hii ina waya wa umeme mpaka Glasgow tangu 1974, na nguzo ni nyingi. Ukikosea nusu hatua, nguzo itatokea kama imechipua kichwani kwa treni. Kwa hiyo nasogea kushoto, napiga tena, nasogea tena, mpaka kunakuwa na uwazi kati ya nguzo mbili ambao uso wa treni utaukalia. Halafu nalenga fokasi kwenye kipande cha reli ambapo nataka pua iwe, nazima fokasi ya kujiendesha, na silisogezi gurudumu la lenzi tena. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga, naipanga kwa hesabu. Kwa mwendo ule wa mita 44 kwa sekunde, katika sehemu moja ya elfu ya sekunde treni inasogea zaidi ya sentimita nne. Ikiwa inakujia usoni, sentimita nne hizo hazionekani sana. Ikiwa inakupita ubavuni, zinatosha kuivuruga picha, na inabidi uende sehemu moja ya elfu mbili au zaidi. Kisha kuna jambo ambalo halimo kwenye mafunzo mengi: maandishi ya taa usoni mwa treni, yanayotaja inakokwenda, huwaka na kuzima kwa haraka sana kuliko jicho linavyoona. Shata ikiwa kali mno, neno Glasgow linatoka limekatika vipande. Mimi huacha likatike. Napenda zaidi uso uliotulia.

Mpwa wangu alipiga ile Pendolino kwa simu, akanionyesha kwa furaha. Treni yote ilikuwa imelala upande, madirisha yameinama kama mwandiko wa italiki. "Nimeipata inainama!" Ilibidi nimweleze kwamba kuinama kule si kwa treni. Kamera ya simu haisomi picha yote kwa mkupuo. Inasoma mstari baada ya mstari, na kitu chenye kasi kinakuwa kimesogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Nguzo zilizosimama wima nyuma yake zilithibitisha. Pendolino inainama kweli, mpaka nyuzi nane, ila inainama na mwili wote kuelekea ndani ya kona, na kwa kawaida huioni mpaka uitazame kwa mbele ukiilinganisha na nguzo. Treni iliyofuata aliipiga kwa mbele.

Njia hii ina hadithi ya mbio ambayo nilimsimulia tukisubiri. Desemba 1984 treni ya majaribio iliyoitwa APT, ambayo nayo ilikuwa ya kuinama, ilitoka London mpaka Glasgow kwa saa 3, dakika 52 na sekunde 40. Juni 2021 Pendolino ilitumwa kuivunja rekodi hiyo kwenye safari ile ile ya maili 401, ikaikosa kwa sekunde 21. Miaka 36 na nusu ya teknolojia, na bado treni ya zamani ikabaki mbele. Kila Pendolino inapopita pale naikumbuka APT, na ninahuzunika kwamba haikudumu kazini.

Kulikuwa na mzee wa hapo hapo, amestaafu, daftari mapajani na chupa ya chai pembeni, anaandika namba ya kila kichwa kinachopita. Watu wa namna hiyo utawakuta kwenye stesheni nyingi za huku, na ninawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza; bila madaftari yao historia kubwa ya reli ingepotea. Alipojua tumetoka Afrika Mashariki alisimama kabisa. "Vichwa vyenu vilitoka kwetu, Springburn!" Ni kweli. Springburn ni mtaa wa Glasgow, na kiwanda cha North British Locomotive Company cha Glasgow ndicho kilichotengeneza, miaka ya 1950, vichwa vya mvuke vya daraja la 29 vya reli ya Afrika Mashariki, vilivyopewa majina ya makabila. Kimoja, namba 2921, kinachoitwa Masai of Kenya, kiko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kiwanda kilifungwa 1962, lakini winchi kubwa ya Finnieston iliyokuwa ikinyanyua vichwa vya treni na kuviweka melini bado imesimama kando ya mto Clyde, na mpwa wangu huiona kila wiki bila kujua ilikuwa ikimpakia nani mzigo. Alimwuliza yule mzee maswali mengi kuliko aliyoniuliza mimi, na mzee akajibu yote kwa utulivu, huku sikio moja liko relini. Ndiye aliyetuambia kwamba makontena yako karibu.

Treni ya makontena ilikuja kutoka kusini ikivutwa na vichwa viwili vya umeme vya daraja la 90, rangi ya chungwa na nyeusi, vya miaka ya mwishoni mwa themanini. Ukiona vichwa viwili kwenye njia hii, sababu yake kubwa ni mlima. Kusini ya hapa kuna kilele cha Beattock, zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na treni inayotoka upande wa Carlisle inakipanda kwa mwinuko mrefu usio na mapumziko. Zamani za mvuke kulikuwa na vichwa vya akiba vinakaa chini ya mlima kazi yake kusukuma treni kwa nyuma. Leo kazi hiyo inafanywa na umeme, na mikono miwili ya pantografu iliyoinuliwa kugusa waya.

Hii nilimwambia asiipige kwa namna ile ya kusimamisha. Treni ya mizigo haina haraka ya Pendolino, na uzuri wake uko katika urefu na uzito. Nilishusha shata mpaka sehemu moja ya 60 ya sekunde, nikafungua miguu, nikabana viwiko mbavuni, nikaanza kuifuata kwa kiuno kuanzia mbali, kidole kikibonyeza wakati mwili bado unazunguka. Ukiacha kuzunguka wakati wa kubonyeza, picha imekwenda. Kichwa cha mbele kilitoka kimetulia, skrubu za mlango zinahesabika, na shamba la nyuma limekuwa mistari ya kijani. Makontena yalipita moja moja, mengine yamefifia, mengine yana mikwaruzo mipya, na nafasi tupu katikati ambapo mwanga wa jua ulipenya na kuangaza uso wa mpwa wangu na kuzima, kuangaza na kuzima. Alikuwa ameshusha simu. Anatazama tu. Nilipiga picha yake, siyo ya treni, na ndiyo picha niliyoipeleka kwa dada yangu Tabora usiku ule.

Kuhusu usalama nitasema bila kuzunguka. Jukwaa la Carstairs lina mstari wa manjano na treni zinazopita bila kusimama, na upepo wa treni yenye kasi unaweza kumyumbisha mtu mzima. Tunakaa nyuma ya mstari, mikanda ya begi imefungwa, na kamera ina mkanda shingoni. Flashi haitumiki kabisa, maana inampofusha dereva. Stendi ya miguu mitatu mimi siichukui stesheni. Hakuna anayevuka uzio, hakuna anayepanda kitu, na dereva akipiga honi tunainua mkono kumjibu ili ajue tumemwona. Nayasema haya nikiwafikiria na vijana wa nyumbani. Tanzania sasa tuna treni za umeme za SGR, tangu 2024 zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa, na waya wake una nguvu ya volti 25,000, sawasawa na wa Carstairs. Nimeona picha nzuri zinazopigwa huko, na nyingine nimeziona nikaogopa kwa jinsi mpigaji alivyosogea. Ombeni ruhusa, simameni panaporuhusiwa, tumieni lenzi ndefu. Umbali unaipendeza treni ndefu. Unaonyesha mabehewa yote na nchi inayopitiwa.

Na msidharau picha za kawaida. Mwaka 2023 njia panda ya Carstairs ilifumuliwa na kupangwa upya, reli, swichi za kubadilishia njia na waya, kazi ya miezi. Picha zangu za kabla ya hapo, ambazo wakati ule nilizihesabu za kujazia, zina swichi na nguzo ambazo hazipo tena, na sasa ndizo yule mzee aliomba nimtumie. Treni ya aina ile ile utaipata kesho. Mahali panabadilika bila kukuaga.

Wingu la Tinto lilishuka, mwanga ukawa wa kijivu, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, kwa treni moja zaidi kisha nikafunga begi. Zinazosimama Carstairs ni chache na yetu ya kurudi Glasgow ilikuwa inakaribia, kwa hiyo hapakuwa na la kubahatisha. Tukiwa tunaingoja, mpwa wangu alikuwa anasoma simu yake, naye akaniuliza kama ni kweli treni ya kulala kutoka London hugawanywa hapa hapa asubuhi na mapema. Ni kweli. Inafika ikiwa nzima, inakatwa. Sehemu moja inaendelea Glasgow, na nyingine inafungiwa kichwa upande wa pili na kuondoka kurudi mashariki, kwenda Edinburgh. Oktoba saa hizo ni giza. Juni jua huku linachomoza saa kumi na nusu alfajiri, na treni ikifika kumeshapambazuka vizuri.

Alitazama jukwaa, akanyoosha mkono upande wa mashariki, akageuka na kuunyoosha upande wa Glasgow. "Basi mjomba, asubuhi inakuwa kinyume. Ya Edinburgh ndiyo itakayokuwa na jua usoni. Tutasimama ule mwisho mwingine."

"Na nguzo?" nikamwuliza.

Akaondoka kwenda mwisho ule mwingine wa jukwaa, nyuma ya mstari wa manjano, kupiga reli tupu.